Chupa za Mama Dirishani

3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na shemeji na gari lake la mikate pia. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema "haya, haya" halafu unakata. Barua huwezi kuikata, labda uichane.

Nina habari. Unakumbuka kile kitawi cha mmea wa Mama ulichonikatia siku moja baada ya mazishi, ukakifunga kwa kitambaa kibichi kama unafunga kidonda? Kilifika kikiwa hai. Nilikitia kwenye chupa ya jamu, nikakiweka juu ya meza yangu hapa mapokezi ya kliniki ya macho, kando ya daftari la wagonjwa, mahali jua halifiki. Wiki ya pili mizizi ikatoka, myeupe, kama nyuzi unazozing'ata kwa meno. Mwezi wa pili mmea ulikuwa umeshuka mpaka kwenye droo. Nikaukata chini ya kifundo kama Mama alivyokuwa akikata, nikapata wa pili, nikakata tena. Sasa ninazo chupa kumi na moja.

Hapa watu wanakuja wakiwa hawaoni vizuri, Dada. Juzi mzee mmoja alifunguliwa bandeji akaletwa kukaa mbele yangu amsubiri mwanawe. Akaikazia macho chupa moja mpaka nikadhani amelala. Kisha akaniuliza, "Binti, ile ni mizizi?"

"Ndiyo, baba."

"Naiona," akasema. Akaanza kuihesabu kwa kidole. Alifika kumi na saba mwanawe alipokuja, na hakutaka kuondoka kabla ya kumaliza.

Daktari Mkuu alikuwa amesimama nyuma yetu. Sasa anataka niujaze mimea ya majini ukumbi mpya wa kusubiria, ule utakaofunguliwa mwezi wa tano. Mambo yakienda sawa nitakuwa msimamizi wa ukumbi huo. Yaani mimi, wa kupanga mafaili.

Tatizo ni maji. Baada ya siku nne yanageuka kijani. Mama alifanyaje? Wewe ndiye uliyekaa naye miaka yote, mimi nilikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Na ile chupa yake kubwa inaendeleaje? Nakuonea wivu. Wewe umebaki na mama mtu, mimi ninao watoto tu.

Mdogo wako,
Kitinda


12 Machi

Kitinda,

Marahaba. Sisi wazima. Shemeji yako anasema ukipata cheo usisahau kwamba yeye ndiye aliyekufundisha kuendesha baiskeli. Hakukufundisha, alikuangusha, lakini ndivyo anavyokumbuka.

Maji yako yanageuka kijani kwa sababu unatumia chupa nyeupe. Mama aliosha chupa kwenye duka la dawa miaka ishirini na miwili. Ulidhani zile chupa za kahawia alizileta nyumbani kwa urembo? Mwanga ukiingia ndani ya maji unaotesha utando. Zifunge chupa zako kwa karatasi nzito au kitambaa cheusi. Maji ya bomba yaache ndooni siku nzima kabla hujayatumia, dawa iliyomo ipungue. Yabadilishe kila Jumamosi. Jani lisiguse maji. Ukiona mzizi wa kahawia unaoteleza, ukate kabla haujaambukiza mingine.

Haya yote Mama aliyasema mbele yetu sote wawili, hapa hapa ghorofa ya tatu, ambako hatukuwahi kuwa na udongo hata wa kujaza kiganja. Mimi nilikuwa nasugua sufuria huku nasikiliza. Wewe ulikuwa unasoma, na ulipokuwa unasoma hakuna aliyeruhusiwa kukuita.

Chupa ya Mama iko palepale, dirisha la jikoni. Inamea vizuri.

Nina sketi sitini za shule za kushona kabla ya mwisho wa mwezi, kila moja marinda kumi na sita. Macho yananiuma. Labda siku moja nitakuja kwenye kliniki yenu nikae mbele ya chupa zako nihesabu mizizi. Nimefurahi kwa ajili yako. Si kila mtu anasifiwa kwa kutazama maji.

Dada yako


9 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo, na asante. Nimefanya kila ulichosema na maji yamekuwa safi kama machozi. Kumi na moja zimekuwa arobaini. Mama wa usafi hapa kazini ameniletea chupa za kahawia kutoka stoo ya dawa, zilikuwa za kutupwa. Nilipozipanga kwenye rafu za ukumbi nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Ilikuwa kama jikoni kwetu mara kumi.

Ndani ya bahasha hii utakuta kipande cha gazeti. Mwandishi alikuja kuandika habari za ukumbi mpya, akaishia kuandika habari zangu. Aliniuliza nani alinifundisha, nikasema Mama. Angalia alivyokipa kichwa: "Mkono wa Mama." Unakumbuka Shangazi siku ya mazishi, alipotushika mabega mbele ya watu akasema mkono wa marehemu umehamia kwa mdogo? Siku ile niliona haya. Sasa nikiutazama ukumbi nasema labda kweli.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Huwa nafika kazini kabla ya wenzangu ili nikae na chupa hizi peke yangu. Bado nahesabu saa, Dada. Ningepanda basi la Jumanne jioni badala ya Jumatano asubuhi, ningemkuta. Nilisubiri kumalizia zamu. Ile zamu sikumbuki hata nilifanya nini.

Sasa nina swali la mwisho, halafu nakuacha na marinda yako. Majani yameanza kupauka. Yana afya lakini hayana ile rangi nzito ya majani ya Mama. Nakumbuka alikuwa anatia kitu kwenye maji. Nilikuwa mdogo, sikukiona, nakumbuka mlio tu, kitu kidogo kikigonga kioo, to, halafu anaitikisa chupa. Kilikuwa nini? Ufunguzi ni tarehe kumi Mei na Daktari Mkuu amealika watu wa kutoka kila mahali.

Wako,
Kitinda


24 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Picha yako ya gazetini nimeiona, na si mimi tu. Shemeji yako ameibandika ukutani pale ninaposhonea, juu ya cherehani, hivyo kila nikiinua kichwa nakuona. Wateja wanauliza, "Huyu ndiye yule mdogo wako mwenye mkono wa mama?" Nasema ndiye. Mwalimu mkuu wa ile shule ya sketi alikuja kuchukua mzigo wake, akakutazama wewe kwa muda mrefu kuliko alivyozitazama sketi. Umependeza. Ile blauzi nilikushonea mimi, lakini gazetini haionekani vizuri.

Kitu alichokuwa anatia Mama ni chumvi. Chumvi ya mawe, ile ya punje kubwa, ndiyo maana ulisikia mlio. Kijiko kimoja cha chakula kwa kila chupa. Ukishatia usibadilishe maji kwa wiki mbili, uiache ifanye kazi yake. Majani yatainama kidogo siku za mwanzo, usishtuke. Baadaye yatashika rangi.

Najua utashangaa, lakini ndivyo alivyokuwa akifanya. Mambo ya Mama ulikuwa huyajui yote.

Nakuombea siku njema ya ufunguzi.

Dada yako akupendaye


28 Aprili

Dada yangu wa pekee,

Nimetia leo asubuhi, chupa zote arobaini. Mama wa usafi alisimama na ufagio wake akaniuliza kama natengeneza kachumbari. Akasema tangu azaliwe hajasikia mmea unalishwa chumvi. Nikamwambia, "Aliyeniambia ni dada yangu, na dada yangu hawezi kunidanganya." Akainua mabega akaendelea kufagia.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Hujawahi kuniita mpenzi tangu nilipoondoka nyumbani. Nilikuwa nadhani umenikasirikia kwa kutokuwepo, na ningekuwa wewe ningekasirika. Uliosha shuka za Mama miezi minane, mimi nikatuma salamu.

Ufunguzi ukipita nataka uje. Nimemwambia Daktari Mkuu kwamba kuna mtu anayejua mimea hii kuliko mimi. Ningependa ukae mbele siku yenyewe ya wageni, lakini najua una kazi, kwa hiyo hata baadaye si neno.

Kitinda


13 Mei

Dada,

Shikamoo.

Imekufa. Yote.

Tarehe mbili kingo za majani zikawa za kahawia, nikasema ndiko kuinama ulikokutaja. Tarehe tano mashina yakalegea, nikasema nisubiri, umeniambia wiki mbili. Tarehe nane ukumbi ulikuwa unanuka. Mama wa usafi alinisihi nimwage yale maji. Nilimkatalia, Dada. Nilimjibu vibaya mwanamke anayelingana na Mama kwa umri.

Siku moja kabla ya ufunguzi Daktari Mkuu aliingia na karatasi ya wageni mkononi. Alizunguka rafu zote, kisha akasema, "Toeni." Wakazipakia chupa kwenye toroli la vyakula vya wagonjwa, wakazipeleka nyuma. Nilizisikia zikigongana ukumbi mzima. Mchana wakaleta maua ya plastiki. Siku ya ufunguzi nilikaa chumba cha mafaili, na usimamizi wa ukumbi amepewa msichana aliyeajiriwa mwezi jana.

Mfamasia wetu alinieleza kwa upole. Anasema chumvi inayanyonya maji yaliyomo ndani ya mizizi. Anasema mimea yangu imekufa kwa kiu huku ikiwa imesimama ndani ya maji.

Inawezekana ulikosea kukumbuka? Sikulaumu. Mama alikuwa na mambo mengi ya chumvi, ya kusukutua koo, ya kuondoa madoa. Labda yalichanganyika kichwani mwako, na sketi zile, na uchovu. Daktari Mkuu aliponiuliza nimefanya nini, nilisema kosa ni langu.

Ninachoomba ni kimoja. Nikatie kipande kingine kutoka kwenye chupa ya Mama. Kifupi tu, chenye kifundo kimoja. Mtume shemeji ampe dereva wa basi, nitakipokea kituoni. Siutaki tena ukumbi. Nataka kimoja cha mezani, kisipotee kabisa.

Kitinda


21 Mei

Kitinda,

Marahaba. Pole sana. Nimesikitika.

Huenda nilichanganya, kama unavyosema. Ni zamani.

Kuhusu kipande, subiri kidogo. Huu si wakati mzuri wa kukata, mmea unapumzika. Nitakutumia baadaye. Nina kazi nyingi.

Dada


2 Juni

Dada,

Jana nilimpigia shemeji kwenye simu yake ya kazini. Nilitaka kumwomba akate kipande yeye mwenyewe bila kukusumbua. Akaniuliza, "Chupa ipi?"

Nikasema, ile ya Mama, ya dirisha la jikoni.

Akasema, "Ile iliyooza mwezi wa kwanza? Dada yako aliitupa zamani, shemeji. Pale sasa tunaweka sabuni."

Alikuwa anacheka, hakujua anasema nini. Nikamwomba arudie. Akaelewa, akaanza kuongea habari za mikate.

Nimekaa nazo barua zako zote mezani, nimezipanga kwa tarehe. Ya kumi na mbili Machi unasema inamea vizuri. Ulinieleza habari za mwanga, za maji ya bomba, za mzizi unaoteleza. Hukukosea hata kimoja. Mtu anayekumbuka yote hayo hachanganyi chumvi.

Sitaki unipigie. Sitaki shemeji anipigie kwa niaba yako. Niandikie, na uandike kweli. Mama alitia nini kwenye maji? Na kwa nini?

Kitinda


14 Juni

Kitinda,

Alitia mkaa. Kipande kimoja kidogo, kilichooshwa, ili maji yasinuke. Chumvi hakuwahi kuisogeza karibu na chupa zake.

Nilijua. Nilipoandika "kijiko cha chakula" nilijua. Niliandika kwanza "kijiko cha chai", nikaona labda haitatosha, nikachukua karatasi nyingine. Uliponijibu kwamba dada yako hawezi kukudanganya, nilikwenda posta tarehe mbili Mei na karatasi yenye maneno mawili, "Mwaga maji." Nilipanga foleni. Mbele yangu palikuwa na watu watatu. Nikasema akibaki mmoja sitaondoka, na alipobaki mmoja nikaondoka. Simu ninayo, ungeweza kuniuliza kwa nini sikupiga. Sikupiga kwa sababu nilitaka ife. Hilo ndilo jibu, silipambi.

Mtu wa kukuonea kijicho hakutoka mbali, Kitinda. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zako nimezishona mimi.

Chupa ya Mama ilioza mikononi mwangu. Niliibadilishia maji kila Jumamosi. Nilitia mkaa. Niliifuta vumbi jani moja moja kwa kitambaa cha pamba. Ninayajua yote, nimeyasikiliza miaka thelathini, na ikaoza. Wewe uliondoka na kitawi chenye majani matatu, tena nilikukatia kile kibovu, ukakitia kwenye chupa ya jamu hujui hata maana ya chupa ya kahawia, ukapata arobaini. Halafu gazeti likaniambia mkono wa mama uko wapi. Ulimwambia yule mwandishi kwamba ulifundishwa na Mama. Ulifundishwa na barua yangu ya Machi.

Lakini hayo ni ya juu juu. Umesema niandike kweli, basi ngoja niende mpaka chini. Nikiishia hapa nitakuwa nimekudanganya tena.

Siku tisa za mwisho Mama hakunijua.

Asubuhi ya kwanza nilimpelekea chakula akaniambia, "Kitinda, umefika." Nikamwambia, "Mama, ni mimi." Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Akageuka ukutani. Hakula siku hiyo, wala maji. Siku ya pili aliponiita Kitinda, niliitika. Nilisema, "Abee, Mama." Akaketi mwenyewe, akala bakuli zima.

Basi nikawa wewe. Siku nane niliitika jina lako. Akaniuliza basi lilikuwaje, nikasema lilikuwa na viti vizuri. Akaniuliza kama wagonjwa wa macho wananisumbua, nikasema hapana, ni watu wapole. Alinishika mkono huu, akaunusa, akasema unanuka sabuni ya kliniki. Mikono yangu inanuka mafuta ya cherehani, Kitinda. Hata pua yake ilikuchagua wewe.

Kuna maneno alikuachia, na mimi nimeyakalia. Alisema hivi: "Siku ile niliposema ukiondoka usirudi, nilikuwa naogopa. Sikuwa nakufukuza. Ulifanya vizuri kwenda." Aliyarudia siku tatu mfululizo, kila asubuhi kama jambo jipya, na kila mara alisubiri umjibu. Nilimjibu kwa niaba yako kwamba umeshasahau. Sikujua kama umesahau.

Siku zote hizo nilikuwa nangoja neno langu. Nilijiambia, atanitaja tu, nimemgeuza kitandani miezi minane. Hakunitaja. Siku ya saba nikauliza mwenyewe, kwa sauti yako. Nikasema, "Na Dada je, Mama?"

Akasema, "Dada yako yupo. Yule yupo siku zote." Akafumba macho.

Nimelipindua neno hilo kama mshono, ndani nje, sijui ni sifa au ni vile mtu anavyosema juu ya kabati.

Jumatano asubuhi, wewe ukiwa njiani, aliita jina lako mara mbili. Niliitika zote mbili. Alikuwa ameushika mkono wangu na hakuuachia mpaka mwisho. Kwa hiyo acha kuhesabu saa za basi. Kwake ulikuwepo. Alikufa akijua kwamba umemshika. Ulipofika jioni ile ukaanguka mlangoni ukilia kwamba umechelewa, neno hilo lilikuwa mdomoni kwangu. Nilikuinua, nikakupa maji, nikalimeza. Nilitaka kubaki na kitu ambacho wewe huna. Miezi saba nimekuacha ulie kwa jambo ambalo ningeweza kuliondoa kwa sentensi moja.

Chumvi nilianza kukutilia siku ile.

Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Siombi msamaha kwenye karatasi. Shemeji yako nimemweleza yote. Ametoa picha yako ukutani, si kwa ajili yako, anasema ni kwa ajili yangu, nipumzike.

Dada


26 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu mkono umezoea. Usiitikie kama hujisikii.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara mbili za kwanza nilisoma habari za chumvi tu. Nilikuchukia sana, Dada, sikujua kama nina chuki ya kiasi kile. Nilikuwa chumba cha mafaili nikapanga mafaili ya mwaka mzima kwa hasira, na yote nimeyapanga vibaya. Nilimfuata mama wa usafi nikamwomba radhi kwa jinsi nilivyomjibu. Akaniuliza, "Na huyo dada yako?" Nikamwambia alinidanganya. Hakusema "nilikuambia". Alisema, "Kaa, ule kwanza."

Mara ya tatu na ya nne nilisoma habari za Mama peke yake.

Sikuwa nimesahau. Ulimjibu kwamba nimesahau, na nilikuwa nayakumbuka maneno yale kila siku, mpaka alivyosimama na kitambaa cha vyombo begani akisema nikiondoka nisirudi. Ndiyo maana nilikuwa sikai siku zaidi ya mbili nikija. Ndiyo maana nilingoja kumaliza zamu. Niliogopa kufika nikamkuta hajabadili neno. Sasa najua alilibadili, mara tatu, na aliyelisikia ni wewe. Nakuonea wivu mpaka meno yananiuma. Ungekuwa na chupa mia dirishani nisingekuonea wivu huu.

Na juu ya lile neno lako, Dada, umelipindua miezi saba bure. Mimi ningekuambia siku moja, kama ungeniuliza. Mama alikuwa akilisema kila siku ya maisha yangu. Niliporudi shuleni mvua ikinyesha nikaogopa kubaki peke yangu akienda dukani, alisema, "Dada yako yupo." Alipougua mara ya kwanza nikampigia simu nikilia, niache kazi, nirudi, alisema, "Baki huko. Dada yako yupo." Alilala bila kufunga mlango kwa sababu ya neno hilo. Unajua mimi alinisemaje mbele ya watu? "Kitinda atakuja." Miaka yote. Atakuja. Nilikuwa nasikiliza nikitamani siku moja aseme nami nipo, hakusema, ikabidi uniazime mdomo wako ndipo nikawepo.

Sijakusamehe. Nimejaribu Jumapili nikaona bado. Mimea ile siwezi kuirudisha na wewe huwezi, na Daktari Mkuu sasa anaponipita kwenye korido anatazama viatu vyake. Hiyo ni yako, ibebe.

Lakini Jumamosi napanda basi la asubuhi. Nimeomba siku tisa, nimepewa. Usinishonee kitu, usininunulie mmea, usimweke shemeji sebuleni atuchekeshe. Nataka ukae kitini na uniambie siku moja kwa siku, kuanzia ile aliyogeuka ukutani, na usiruke kitu hata kama kinakuumiza wewe au mimi. Nitalala kitanda cha Mama.

Sina ufunguo, nilikuachia siku ya mazishi. Nitasimama mlangoni nitaita, "Dada."

Uitike.

Kitinda